Mbio tatu za kipupwe, na kila moja imenishinda zaidi ya iliyotangulia: niende Mwanza Oktoba?

Mwalimu wa Ipuli (Tabora)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, nina umri wa miaka 41, na huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kukimbia. Sikuanza kwa ajili ya medali. Nilianza kwa sababu shinikizo langu la damu lilikuwa limeanza kupanda, na daktari akanishauri nitembee kila siku kabla hajafikiria kunipa vidonge. Nikatembea, kutembea kukazaa kukimbia, na sasa siku ninayokosa mbio naiona kama siku niliyoiacha katikati.

Mwaka huu niliamua kushiriki mashindano katika kipupwe chote, kuanzia Juni hadi Agosti. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: hii ndiyo miezi ya baridi kwetu, mvua zimeshapita, barabara za mchanga za pembezoni zimekauka, na alfajiri kipimajoto huonyesha nyuzi 14 au 15, ilhali ikifika Oktoba mtu hutokwa na jasho hata akiwa amekaa kivulini chini ya mwembe. Nilijiambia kwamba nikishindwa kupata muda mzuri katika hali ya hewa kama hii, sitaupata mwaka mzima. Mambo yamekwenda kinyume, na ndiyo maana naandika.

Mbio za kwanza zilikuwa za kilomita 10 hapa hapa mjini, Jumamosi ya pili ya Juni. Tulitakiwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi, lakini mgeni rasmi alichelewa, tukasimama kwa takriban dakika 40 tukiwa na fulana na namba za kifuani tu, giza likiwa halijaondoka vizuri. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kiasi kwamba kamba ya kiatu ilipolegea nilishindwa kuifunga, akanifungia kijana aliyesimama jirani yangu. Bendera iliposhushwa niliondoka na vijana hao kwa furaha ya kupata joto, na kilomita ya kwanza niliimaliza kwa dakika 4 na sekunde 50. Pumzi ilikuja yenyewe, jasho halikuwepo, nikaamini kwamba siku yangu imefika. Kilomita ya saba miguu ilikuwa mizito kama mchi wa kinu. Nilimaliza kwa dakika 56 na sekunde 40, muda ambao ni bora kuliko yote niliyowahi kupata, lakini nilifika nikiwa nimekwisha kabisa.

Mwishoni mwa Julai nilipanda basi kupitia Itigi na Manyoni kwenda Dodoma kukimbia nusu marathoni. Rafiki yangu anayependa hesabu alikuwa ameniambia kwamba mtu wa dakika 56 kwa kilomita 10 anaweza kutarajia saa 2 na dakika 5 hivi kwa kilomita 21. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 14. Hewa ya kule ilikuwa kavu na yenye upepo, na baada ya kilomita ya 12 nilianza kukohoa kikohozi kikavu ambacho kiliendelea hadi usiku. Maji nilikunywa mara moja tu njia nzima kwa sababu sikusikia kiu. Kikohozi hicho hakijaondoka: hurudi kila ninapokimbia alfajiri, kama dakika tano au kumi baada ya kusimama, na kifua hubana.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Kigoma kwa dada yangu, nikajiandikisha kwenye mbio ndogo za hisani za kilomita 10 zilizoanzia Mwanga, zikaelekea upande wa Ujiji, zikarudi, kisha zikateremka hadi chini kabisa karibu na stesheni ya reli. Kwenda, upepo ulikuwa usoni wakati wote. Kurudi ulitusaidia, nami nikataka kufidia muda niliopoteza, nikaushuka ule mteremko wa mwisho kwa nguvu zangu zote, na hapo kigimbi cha mguu wa kulia kikavuta ghafla kama kamba iliyokatika uzi mmoja. Nilimaliza nikichechemea, kwa dakika 61 na sekunde 20. Leo ni siku ya sita, na ngazi za shuleni bado nazipanda kwa kushikilia ukuta.

Kuhusu mazoezi, nakimbia siku tano kwa wiki, kilomita 7 hadi 9, na karibu siku zote kwa mwendo wa dakika 5 na sekunde 40 hadi 50 kwa kilomita, kwa sababu katika baridi hii mwendo huo nauona wa kawaida. Baada ya Dodoma nilipumzika siku mbili.

Nimeshalipia nusu marathoni nyingine ya Mwanza mwezi Oktoba, na wanafunzi wangu wanajua kwamba naenda. Naomba mnieleze kwa uwazi: kosa ni la kipupwe, ni la wingi wa mashindano, au ni umri wangu? Na je, niende?

Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Marahaba, Mwalimu, na pole sana kwa mguu. Mimi ni mstaafu wa reli, nina miaka 67, na bado nakimbia mara tatu kwa wiki kati ya Bangwe na mjini. Umri uutoe kwenye orodha yako.

Kuna jambo ambalo waandaaji wengi wa huku kwetu hawalipi uzito. Saa tunazovaa ni moja kwa nchi nzima, lakini jua halifuati saa hizo. Mwezi Julai, Dar es Salaam jua huchomoza kama saa 12 na dakika 35 asubuhi, Tabora huchomoza karibu saa 1 kamili, na hapa Kigoma ni kama saa 1 na dakika 10. Kwa hiyo mashindano yanayoanza saa 12 na nusu ambayo kwa mtu wa pwani huanza kukipambazuka, kwetu sisi huanza usiku. Na saa ya baridi kali kuliko zote katika siku nzima ni ile inayokaribiana na macheo. Ukisimamishwa dakika 40 katika saa hiyo ukiwa na fulana tu, misuli uliyoipasha nyumbani inapoa na kukakamaa upya, unaanza mbio ukiwa kama uliyetoka kitandani.

Dawa yake ni kuvaa sweta kuukuu ambalo hulionei uchungu, ubaki nalo mpaka mgeni rasmi anapomaliza kusema, halafu umkabidhi mtoto wa jirani. Hotuba zikirefuka, usisimame kama mlingoti: ruka ruka papo hapo, inua magoti, zunguka nyuma ya umati. Hakuna atakayekulaumu.

Upepo uliokukuta njia ya Ujiji ni kusi. Wavuvi wa ziwa hili wanaujua kuliko sisi sote, kwa sababu katika miezi ya kiangazi unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki na kulichafua ziwa kwa siku kadhaa mfululizo. Ujiji iko upande huo huo wa kusini-mashariki ya mji, kwa hiyo mkimbiaji anayetoka Mwanga kwenda kule anaupokea kifuani. Mkimbiaji mmoja hashindani na kusi peke yake. Unatafuta kundi, unajificha nyuma ya mabega ya watu wawili watatu, na unakubali kwamba kilomita hizo zitakuwa za polepole. Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alitupatia ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Sehemu kubwa ya njia alikuwa ndani ya kundi. Kama bingwa wa dunia anaona faida ya kukaa nyuma ya watu, sisi ni nani wa kuikataa?

Halafu mteremko. Toka Mwanga kushuka stesheni, kila hatua mguu unafanya kazi ya kuzuia mwili usianguke mbele, na kazi hiyo ya breki ndiyo inayochana nyuzi za misuli kuliko kupanda. Wewe umetoka Tabora ambako kote ni tambarare. Mguu wako haukuwahi kufundishwa mteremko, ukaudai siku ya mtihani.

Kuhusu wingi wa mashindano sina wasiwasi mkubwa. Ujanani tulikimbia karibu kila wiki na hatukuvunjika. Nenda Mwanza, Mwalimu.

Mtabora wa Leeds

Mzee wangu, shikamoo. Nimekulia Ng'ambo, Tabora, na sasa ni mwaka wa saba niko Uingereza kwa kazi. Yote uliyoyasema kuhusu jua, upepo na mteremko nayaunga mkono, lakini kwa heshima naomba kutofautiana nawe katika neno lako la mwisho.

Mwalimu, chukua dakika zako 56 na sekunde 40 za mwezi Juni uzigawanye kwa kilomita 10. Unapata dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita. Sasa rudi usome ulichoandika kuhusu mazoezi yako ya kila siku. Ni mwendo ule ule! Siku uliyokimbia kwa bidii zaidi maishani mwako, na siku ya Jumanne ya kawaida kabla ya kwenda kusahihisha madaftari, unakimbia kwa kasi moja. Hukushiriki mashindano matatu katika kipupwe hiki. Umeshindana mara tano kwa wiki kwa miezi mitatu, na mashindano yale matatu yalikukuta ukiwa tayari umechoka, kila moja zaidi ya lililotangulia. Sioni haja ya kutafuta sababu nyingine mbali na hapo.

Baridi haikukuibia dakika hata moja. Nyuzijoto 14 au 15 ndizo wakimbiaji wa mbio ndefu huomba kuzipata. Marathoni nyingi zenye muda bora duniani hukimbiwa katika ubaridi wa aina hiyo au zaidi, kama ile ya Chicago ya Oktoba 2023 ambapo marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alitumia saa 2 na sekunde 35 tu. Ila ubaridi una hadaa yake. Katika joto, mwili hukuonya mapema: jasho linakutoka, moyo unadunda, uso unawaka, nawe unapunguza mwendo bila kuamriwa. Katika ubaridi joto la mwili linatoka kwa urahisi, na onyo hilo halifiki. Ndiyo maana kilomita ya kwanza ya dakika 4 na sekunde 50 ulihisi ni zawadi, na ndiyo maana mazoezi ya 5 na 40 uliyaona ya kawaida. Misuli ilikuwa inatumia akiba yake ya sukari kwa kasi ile ile, isipokuwa hapakuwa na kengele.

Nieleze jinsi wenzetu wa hapa wanavyopita katika majira yao ya baridi, maana nilijifunza kwao baada ya kuumia mwenyewe. Hapa Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida huenda kazini gizani na kurudi gizani, na mchana wake huwa wa nyuzijoto 2 hadi 6, pengine na mvua ya kando. Watu wa kawaida kabisa, wenye umri wako na wa Mzee, hushindana katika miezi hiyo yote. Kuanzia Oktoba hadi Machi, Jumamosi hukutana kwenye mbio za nyika, katika mashamba na mabonde yenye matope ya kufika kifundoni, wakivaa viatu vya misumari ili wasiteleze. Nilipokwenda mara ya kwanza nilishangazwa na mambo mawili. La kwanza, walikuwa wakikimbia polepole kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kuanza, wakamalizia na miruko mifupi minne au mitano ya mita 80 hivi, huku traksuti zikiwa bado mwilini, na wakazivua dakika za mwisho. La pili, hakuna aliyeuliza muda. Katika matope muda hauna maana. Kila mmoja anataka kujua amekuwa wa ngapi, halafu wanaenda kunywa chai. Mashindano yale ya baridi kwao ni mazoezi magumu ya juma, na siku zilizobaki wanatambaa. Shabaha yao iko mbele, katika majira ya kuchipua, kama vile marathoni ya London mwezi Aprili.

Wewe ulifanya kila mbio kuwa shabaha, na kila siku ya katikati kuwa mbio.

Wakimbiaji wana desturi ya zamani ya kuhesabu siku moja ya mbio nyepesi kwa kila maili ya mashindano. Nusu marathoni ina maili 13. Wewe uliichukulia siku mbili, na siku ya 21 ukawa unashuka mlima wa Kigoma kwa nguvu zako zote.

Mwendo wako mwepesi, kwa muda ulionao, uko kati ya dakika 6 na nusu na dakika 7 kwa kilomita. Huhitaji saa ya kisasa kuupima. Njia za pembezoni mwa Tabora zimejaa watu asubuhi, na Mnyamwezi hakuruhusu upite bila kusalimiana naye. Ukiweza kumwambia mtu «mwangaluka», ukasikiliza habari za nyumbani kwake na kumjibu zote kwa sentensi nzima bila kukata pumzi, hapo uko kwenye mwendo. Ukijibu kwa kuinua mkono tu, punguza. Siku nne kati ya tano ziwe hivyo.

Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Kijana wa Ng'ambo, marahaba. Nimesoma hesabu yako mara mbili, kisha nimekaa nikakumbuka vizuri. Ni kweli kwamba tulishindana karibu kila wiki, lakini sikusema tulifanya nini siku zilizobaki. Mimi nilikuwa kwenye genge la njia: tulitembea kilomita nyingi juu ya mataruma tukikagua reli, kukaza hapa na kubadilisha pale, siku nzima, kwa mwendo wa mtu anayeangalia chini. Sikuwahi kuiita kazi ile mazoezi. Sasa naona ndiyo iliyonijenga, na mbio zenyewe zilikuwa za wikiendi tu. Nayaondoa maneno yangu ya mwisho. Mwalimu asiende Mwanza kutafuta muda.

Naongeza kwamba hata kama mguu ungekuwa mzima, Oktoba haifanani na Julai. Kwenu Tabora ule ndio mwezi wa joto kali kabla ya mvua kuanza, na mwili uliozoea alfajiri za nyuzi 14 huchukua kama wiki mbili za mazoezi ya polepole kulizoea joto tena. Mwanza ina ziwa linalopoza, lakini jua ni jua.

Tabibu wa Viungo

Nilitaka kunyamaza kwa sababu mengi yamesemwa, lakini kuna mambo matatu katika maelezo ya Mwalimu ambayo hayafai kusubiri ushauri wa mtandaoni.

La kwanza ni kikohozi. Umekohoa tangu mwishoni mwa Julai, na sasa Agosti inakwisha. Katika nchi yetu, mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa kwenda kituo cha afya kupimwa kifua kikuu, hata kama ana nguvu, hata kama ana sababu nyingine anayoiamini. Kipimo chake hakilipiwi katika vituo vya serikali. Nenda kesho. Jibu likiwa salama, mwambie daktari neno kwa neno ulivyotuandikia: kwamba kifua hubana dakika tano au kumi baada ya kusimama. Hiyo ni dalili inayojulikana ya njia za hewa kusinyaa kutokana na mazoezi, na kinachoichochea zaidi ni hewa baridi na kavu inayoingia kwa wingi kupitia mdomoni, kwa sababu inazikausha njia zile kabla pua haijapata nafasi ya kuipasha na kuitia unyevu. Vumbi la kiangazi linaongeza. Ina tiba, na watu wengi wenye hali hiyo wanakimbia vizuri. Wakati unasubiri, funika pua na mdomo kwa kitambaa chepesi katika dakika kumi za mwanzo, na anza kwa kutembea.

La pili ni kigimbi. Umesafiri kutoka Kigoma kurudi Tabora, safari ya saa nyingi ukiwa umekaa, siku chache baada ya kuumia. Angalia miguu yote miwili kwa pamoja. Ule wa kulia ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, umebadilika rangi, au unauma hata ukiwa umelala, nenda hospitali leo hii, kwa sababu damu iliyoganda ndani ya mshipa hujificha nyuma ya maumivu yanayofanana na ya misuli. Ukiona hakuna dalili hizo, basi ni mchaniko mdogo, nao una ratiba yake. Tembea bila kuchechemea kwanza. Kisha simama kwa mguu ule mmoja, shikilia ukuta kwa kidole, inua kisigino polepole na ukishushe polepole. Siku utakapoweza kufanya hivyo mara 25 bila maumivu, sawa na mguu wa kushoto, ndipo uanze kukimbia, kwenye tambarare, kwa ule mwendo wa salamu. Wengi hukimbia mapema kwa sababu maumivu ya kutembea yameisha, wakaumia mahali pale pale mara ya pili, na mara ya pili hupona taratibu zaidi. Usikande kwa nguvu siku hizi za mwanzo, na usiuchue kwa maji ya moto.

La tatu hakuna aliyeligusa. Ulianza kukimbia kwa sababu ya shinikizo la damu. Baridi hubana mishipa ya ngozi na kulipandisha, na kuondoka kwa kasi ya 4 na 50 kutoka kwenye kusimama tuli ni mshtuko juu ya mshtuko. Kwako wewe kupasha mwili ni sehemu ya matibabu. Pima shinikizo lako unapokwenda kwa ajili ya kikohozi.

Najua watu watakutajia John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, katika mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Namheshimu mzee yule kuliko ninavyoweza kuandika. Alikuwa amebeba jina la nchi. Wewe unabeba darasa la watoto wanaokuhitaji ukiwa na miguu miwili mwakani na mwaka unaofuata.

Shabani wa Urambo

Naomba kuuliza jambo moja hapo hapo kwa Tabibu. Huku kwetu kuanzia Agosti misitu ya miombo huchomwa moto, na alfajiri moshi hujaa bondeni mpaka macho yanawasha, ilhali jioni hewa huwa na nafuu. Nami nakohoa kidogo. Je, ni bora nikimbie jioni?

Tabibu wa Viungo

Ndiyo, ndugu Shabani, katika wiki za moto kimbia jioni, au asubuhi baada ya jua kupanda. Usiku usio na upepo, hewa ya baridi hulala chini na kuushikilia moshi pamoja nayo. Jua likishapasha ardhi, hewa hupanda na kuutawanya. Alfajiri tunayoisifu kwa usafi wake ndiyo yenye moshi mzito zaidi katika kipindi hiki. Siku ambayo unausikia moshi puani hata jioni, tembea tu.

Mwalimu wa Ipuli (Tabora)

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Ni siku ya 19 sasa tangu niandike.

Nilikwenda kupimwa asubuhi iliyofuata. Kifua kikuu hakipo. Daktari alinisikiliza, akanipulizisha kwenye kifaa kabla na baada ya kupanda ngazi mara kadhaa, akathibitisha kwamba njia za hewa zinasinyaa, akanipa dawa ya kuvuta kabla ya mbio. Shinikizo lilikuwa limepanda kidogo kuliko mwezi Mei, naye akasema tulipime tena baada ya wiki nne za kulala vizuri na kutoshindana. Mguu haukuwa na uvimbe.

Mtabora, hesabu yako niliifanya upya kwa kalamu kwenye daftari la maandalio ya somo. Nimefundisha kugawanya kwa miaka 16 na sikuwahi kuigawanya namba ile. Iliniuma, kwa sababu niliyapenda mazoezi yale. Niliona kwamba kukimbia kwa nguvu kila siku ni uaminifu kwa jambo ninalolipenda, na kukimbia polepole ni uvivu. Bado kuna asubuhi ambapo nalazimika kujizuia kwa nguvu.

Mara 25 za kisigino nilizifikisha Jumatano. Jumamosi nilitoka saa 2 asubuhi, jua likiwa limeshapanda, nikaishika njia ya kuelekea Kwihara kwa nusu yake na kurudi, kilomita 6, kwa wastani wa dakika 6 na sekunde 55. Nilisalimiana na akina mama waliokuwa wakienda gulioni na viazi vitamu, na mzee mmoja mwenye baiskeli na madumu ya asali alitaka kujua habari za ukoo wangu mpaka kizazi cha babu. Nilimjibu yote nikiwa bado nakimbia kando ya baiskeli yake. Sikukohoa.

Kuhusu Mwanza, nimewaandikia waandaaji kuwaomba wanihamishie kwenye kilomita 5, nao wamekubali. Nusu marathoni ninayoitaka nimeisogeza hadi Juni mwakani, hapa hapa Tabora au Dodoma, na ni hiyo moja tu nitakayoikimbia kwa muda katika kipupwe kijacho. Mzee wa Bangwe, dada yangu bado yuko Mwanga. Nikija Desemba, naomba unipeleke kwenye ule mteremko ili nijifunze kuushuka polepole.

Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Karibu sana, mwanangu. Desemba mvua zitakuwa zimeanza na barabara inateleza, kwa hiyo tutaupanda kwanza siku tatu, ndipo tuushuke. Njoo na sweta.